Maisha ya Daktari Robert Koch, Aliyetafuta Dawa ya Kuchanja Ng'ombe

Sisi wa Mbulu na Hanang hatuna haja ya kufundishwa jinsi ng'ombe alivyo mali. Mahari, maziwa ya watoto, samadi ya shamba, ada ya shule, hata sadaka ya mavuno, vyote hutoka zizini. Wazee wa Wairaqw hawakuona ni busara kulaza wanyama wao wote katika zizi moja. Waliwagawa katika maboma ya jamaa na rafiki, wengine milimani, wengine bondeni, ili maradhi yakiingia boma moja, lingine lisalie. Lakini ilipokuja sotoka kubwa, yapata mwaka 1890 na 1891, hata busara hiyo haikutosha. Ugonjwa ule ulikuwa umeshuka kutoka Massawa, katika pwani ya Bahari ya Shamu, ulikoingia kama mwaka 1887, nao ukapita bara yote ya Afrika kama moto wa kiangazi. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipopita Ngorongoro mwezi wa Machi 1892, kisha akavuka nchi ya Wairaqw, aliwaona Wamasai waliokuwa matajiri jana wakitangatanga kwa njaa, mifupa mitupu, wakiomba mabaki ya ngozi wale.

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyeitwa kupigana na sotoka hiyo, na baadaye na ndigana kali, ambayo hata leo huua ndama zetu. Jina lake ni Robert Koch. Wengi wamelisikia kwa sababu ya kifua kikuu. Wachache wajua ya kuwa alianza kazi yake kwa ng'ombe na kondoo, tena ya kuwa baadhi ya makosa yake makubwa aliyafanya hapa kwetu, Afrika ya mashariki na kusini.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, milimani mwa Harz, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkubwa katika kazi ya machimbo. Walizaliwa watoto 13 nyumbani mwao, naye alikuwa wa tatu. Akasoma uganga katika chuo cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz, akapata binti mmoja. Akatamani sana kusafiri nchi za mbali, lakini mke hakupenda, basi akahamahama katika vijiji akitibu wakulima, hata mwaka 1872 akawekwa kuwa mganga wa wilaya ya Wollstein, ambayo siku hizi i katika nchi ya Poland.

Huko kondoo na ng'ombe walikuwa wakifa ghafla kwa kimeta, na wakati mwingine wachungaji wao nao. Koch hakuwa na chuo wala wasaidizi. Alitenga sehemu ya chumba chake cha kutibia kwa pazia, akaweka darubini yake (yasimuliwa ya kuwa mkewe ndiye aliyempa siku ya kuzaliwa kwake), akafuga panya. Akachukua damu ya bandama ya mnyama aliyekufa, akaipaka kwenye kijiti kilichochongwa, akamchanja panya penye shina la mkia. Panya akafa, na katika damu yake mlikuwa na vijiti vile vile vidogo vilivyoonekana katika damu ya kondoo. Kisha akavitia vijiti hivyo katika maji ya jicho la ng'ombe, akakaa akivitazama saa kwa saa, akaona jinsi vinavyorefuka kuwa nyuzi, na ndani ya nyuzi zikatokea punje ndogo zing'aazo. Punje hizo zilikuwa mbegu. Zikikauka hazifi, na zikiingia tena katika mnyama, huamka kuwa vijiti na kuua.

Ndipo ilipojulikana kwa nini malisho fulani huua mwaka baada ya mwaka hata kama mifugo yote imebadilishwa. Mwaka 1876 akaipeleka habari hiyo kwa mabwana wa chuo cha Breslau, akafanya mbele yao yote aliyoyafanya nyumbani, nao wakastaajabu. Walimu wanaotembelea maboma waweza kulieleza jambo hili kwa wenye ng'ombe kwa maneno machache: mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, asichunwe wala kupasuliwa, maana kumpasua ni kupanda mbegu ya kimeta ardhini. Chanjo yenyewe ya kimeta Koch hakuivumbua. Louis Pasteur wa Ufaransa aliionyesha mbele ya watu mwaka 1881, na wawili hao wakachukiana maisha yao yote, kwa sehemu kwa ajili ya sifa, kwa sehemu kwa ajili ya vita vya mataifa yao. Chanjo inayotumika sana sasa ilitoka kwa Max Sterne huko Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930.

Mambo ya Berlin tutayapita upesi. Alihamishiwa huko mwaka 1880. Tarehe 24 Machi 1882 akatangaza ya kuwa amemwona mdudu wa kifua kikuu. Mwaka 1883 na 1884 akaenda Misri na Calcutta, akamwona wa kipindupindu. Sifa yake ikajaa dunia. Mwaka 1890 akatangaza dawa ya kuponya kifua kikuu, iitwayo tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa maelfu, na dawa haikuwaponya. Wengine walikufa upesi zaidi. Lakini dawa ile ile iliyoshindwa kuponya watu ikawa kipimo chema cha ng'ombe, maana mnyama mwenye kifua kikuu akidungwa tuberkulini ngozini huvimba mahali pale. Hata leo waganga wa mifugo huitumia. Kisha ndoa yake ikavunjika, na mwaka 1893 akaoa tena, akamwoa Hedwig Freiberg, aliyekuwa msichana mdogo sana kwake. Watu wa Berlin walisema mengi. Huyu mke wa pili hakuogopa safari. Na Koch, akiwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini, akaanza zile safari alizozitamani ujanani.

Mwaka 1896 sotoka ilikuwa imevuka mto Zambezi na kuingia kusini. Serikali ya Cape ikajaribu kuizuia kwa nyaya za miiba na kwa kuwapiga risasi ng'ombe wote wa makundi yaliyoshukiwa, wazima na wagonjwa. Haikufaa. Tena watu waliuona upigaji huo kuwa unyang'anyi. Kule kwa Watswana vita vya Langeberg vya mwaka 1896 na 1897 vilianzia katika neno la ng'ombe waliopigwa risasi. Serikali ikampelekea Koch barua ya kumwita, naye akafika Kimberley mwezi wa Desemba 1896.

Akafanya kazi kwa haraka ya ajabu. Alijaribu damu iliyokaushwa, damu iliyochanganywa na vitu vingine, akaipitisha katika wanyama wa namna nyingi, hakuna kilichofaa. Ndipo akaijaribu nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Alitia kiasi cha sentimita 10 za ujazo chini ya ngozi ya ng'ombe mzima. Pakatokea uvimbe mgumu mahali pa sindano, mnyama akaendelea kula. Na baada ya siku kumi, akitiwa damu yenye ugonjwa, hakufa. Mwezi wa Februari 1897 Koch akaitangaza njia hiyo. Yafaa kukumbuka ya kuwa hakupata kumwona mdudu wa sotoka, maana ni mdogo kuliko uwezo wa darubini za siku zile. Alipigana na adui asiyemwona, akamshinda nusu.

Twasema nusu kwa sababu. Nyongo haikupatikana ila kwa kufa kwa mnyama. Kwa hiyo penye chanjo ilipasa pawe na ugonjwa, na pengine ugonjwa ulipelekwa kwa makusudi katika kundi zima ili nyongo ipatikane. Kinga yenyewe ilidumu miezi michache tu. Na nyongo mbaya ilileta sotoka yenyewe. Wenye ng'ombe walioona wanyama wao wakifa baada ya sindano hawakuwa wajinga walipokataa. Mtu aliyepigiwa ng'ombe wake risasi na serikali mwaka jana, mwaka huu akiletewa sindano na serikali ile ile, je, atashangilia? Koch mwenyewe hakukaa kuyaona hayo. Mwezi wa Machi 1897 aliitwa Bombay kwa ajili ya tauni. Msaidizi wake Wilhelm Kolle, pamoja na Daktari George Turner, ndio waliotengeneza njia iliyo bora: kumtia mnyama damu yenye ugonjwa upande mmoja wa mwili, na maji ya damu ya ng'ombe aliyepona upande wa pili, wakati mmoja. Mnyama huugua kidogo, kisha ana kinga imara. Shikeni neno hili, kwa maana tutalirudia: ugonjwa na kinga yake kwa wakati mmoja.

Sotoka iliendelea kuja na kurudi hata dawa ya Walter Plowright, iliyotengenezwa Muguga karibu na Nairobi kama mwaka 1960, ilipowafikia ng'ombe kwa mamilioni. Mara ya mwisho ilionekana Tanzania mwaka 1997, upande wetu huu wa kaskazini. Kenya mwaka 2001. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa pili tu kukomeshwa na wanadamu, baada ya ndui. Lakini ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, ikianzia Ngorongoro. Msidhani ya kuwa vita vimekwisha.

Kutoka Bombay, Koch akaja Dar es Salaam mwezi wa Julai 1897, akakaa hata mwaka 1898. Alichunguza malaria, na ugonjwa wa mbung'o, na tauni iliyokuwa Kiziba, magharibi mwa Ziwa la Victoria. Alichunguza pia ng'ombe. Akaona jambo ambalo wachungaji walilijua: ng'ombe waliozaliwa pwani hawakuwa na neno, lakini ng'ombe walioletwa kutoka bara, wazuri na wanono, walikufa wakiisha kukaa pwani majuma machache. Katika damu yao aliona vidudu vidogo sana ndani ya chembe nyekundu. Akasema ni ugonjwa uliojulikana Marekani, homa ya Texas, na ya kuwa vidudu hivi vidogo ni watoto wa vile vikubwa. Hapo alikosea. Ulikuwa ugonjwa mwingine, nao ndio ndigana kali yetu, ile Wamasai waiitayo oltikana. Alikuwa ameushika mkononi, akauacha upite.

Kosa hilo lilirudi kwake. Baada ya sotoka na vita vya Makaburu, nchi za kusini zilikuwa tupu, basi wakanunua ng'ombe kutoka Afrika ya Mashariki, wakawashusha bandari ya Beira. Kupe waliokuwa juu yao wakashuka nao. Mwaka 1901 na 1902 ng'ombe wa Rhodesia wakaanza kufa kwa homa, matezi yamevimba, povu likiwatoka puani. Serikali za kusini zikamwita Koch tena. Mwaka 1903 akafika Bulawayo, akakaa hata 1904. Safari hii aliona ya kuwa ni ugonjwa wa peke yake, akauita homa ya pwani ya Afrika, akakumbuka ya kuwa ni ule ule aliouona Dar es Salaam. Akaona pia, ndani ya matezi na bandama za wagonjwa, vitu vya rangi ya samawati ambavyo hata leo huitwa miili ya Koch. Bwana mifugo akishuku ndigana, hudunga sindano nyembamba katika tezi lililovimba chini ya sikio la ndama, akapaka tone la maji yake katika kioo, na mpimaji huitafuta miili hiyo hiyo kwa darubini.

Lakini chanjo yake ilishindwa. Alifikiri ya kuwa damu ya ng'ombe aliyepona, ikitiwa kidogo kidogo kila majuma mawili kwa miezi minne au mitano, itamzoeza mnyama mzima. Wenye ng'ombe wakaiamini kwa sababu ya jina lake, na ng'ombe wao wakaendelea kufa. Arnold Theiler, mganga wa mifugo Mswisi aliyekuwa Transvaal, ndiye aliyeonyesha sababu: mdudu wa ndigana aliye katika damu hana nguvu ya kumwambukiza mnyama mwingine kwa sindano. Hana budi kupita kwanza katika kupe. Charles Lounsbury wa Cape naye akaonyesha ya kuwa mchukuzi mkuu ni kupe wa rangi ya kahawia akaaye masikioni. Kwa heshima ya Theiler mdudu mwenyewe akaitwa Theileria parva. Basi kwa miaka mingi chanjo ikaachwa, kazi ikawa ni josho tu.

Je, Koch alikosea kabisa? Sisi twaona la. Alikosea njia, lakini alilolitafuta lilikuwako. Ng'ombe wa pwani walikuwa ushahidi: ndama akiugua na kupona, hapatwi tena na ugonjwa ule. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Muguga, waliokuwa wakitumikia nchi zote tatu za Afrika Mashariki, waliwalisha kupe juu ya ng'ombe wagonjwa, wakawasaga, wakapata maji yenye wadudu hai wa ndigana kutoka mate ya kupe. Maji hayo hutiwa chini ya ngozi ya ndama, na saa ile ile hudungwa dawa ya oksitetrasaiklini ifanyayo kazi siku nyingi. Wadudu huingia, dawa huwazuia wasizidi, mwili hujifunza. Ndiyo njia ya Kolle na Turner iliyovikwa vazi jipya. Wadudu watiwao ni wa namna tatu, wawili wa Kenya na mmoja kutoka Serengeti kwetu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 chanjo hii imeenea kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, na ng'ombe aliyechanjwa hutiwa hereni sikioni. Sokoni hereni hiyo humwongezea bei, kwa maana mnunuzi ajua ya kuwa huyu hatakufa kwa ndigana.

Nayo ina magumu yake, na si haki kuyaficha. Yapasa ihifadhiwe katika nitrojeni iliyogeuzwa kuwa maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Fikirini habari ya kuichukua hadi maboma ya Wabarbaig nyuma ya mlima Hanang. Kipande kimoja kikiyeyushwa ni dozi za wanyama wengi, wala hakirudishwi. Kwa hiyo mwenye ndama wawili hana budi kungoja jirani zake, au jirani wakusanyike siku moja. Dawa hupimwa kwa uzito wa mnyama, na akipunjwa ataugua kweli. Bei yake ni nzito kwa maskini. Pia ng'ombe aliyechanjwa aweza kubaki na mdudu mwilini, kupe wakamchukua kwake, basi haifai kupelekwa mahali ambapo ndigana haipo. Wala haizuii ndigana baridi, wala ugonjwa wa mbung'o. Na penye nyati, ndigana itokayo kwao yaweza kuishinda. Siku hizi wataalamu wa Nairobi na wa ng'ambo hutafuta chanjo isiyo na mdudu hai, ya kipande tu cha ngozi ya mdudu, lakini haijawafikia wafugaji. Josho lisiachwe.

Turudi kwa Koch. Mwaka 1901, katika mkutano wa London, alikuwa amesema kwa nguvu ya kuwa kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kwa watu, na ya kuwa gharama ya kulinda maziwa ni bure. Wengi walimpinga palepale, na uchunguzi wa Waingereza ulioendelea miaka kumi ukathibitisha ya kuwa amekosea. Jambo hili latugusa. Wataalamu walipochunguza matezi yaliyovimba ya wagonjwa wa mkoa wa Arusha, wakati Mbulu na Hanang zilipokuwa bado ndani yake, walimkuta mdudu wa ng'ombe kwa baadhi yao. Maziwa mabichi ni desturi tamu, tena ya wazee, lakini yachemshwe.

Mwaka 1905 alikuja tena Dar es Salaam, akapanda hadi Amani katika Usambara, akaonyesha jinsi papasi wa vibanda vya wasafiri wanavyoleta homa, na ya kuwa mdudu huingia hata katika mayai ya papasi. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya kazi ya kifua kikuu. Mwaka 1906 na 1907 alikaa visiwa vya Sese, Uganda, akitibu malale kwa dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya zarniki. Wagonjwa walikuja kwa wingi kwa mitumbwi. Walipata nafuu mwanzoni, kisha ugonjwa ukarudi. Na alipoongeza kipimo, wengine wakapofuka, wala hawakuona tena. Wale waliopofuka hawakuulizwa kama wataka kujaribiwa. Waandishi wengi wa maisha yake wamelipita jambo hili kimya. Sisi hatuoni ya kuwa ukubwa wa mtu ni sababu ya kunyamaza.

Alirudi Ujerumani akiwa amechoka. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Bado alikuwa akifanya kazi juu ya kifua kikuu, na kabla ya kufa alisoma habari zake mbele ya wenzake mjini Berlin. Akaenda kupumzika Baden-Baden, akafa huko tarehe 27 Mei 1910, mwenye miaka 66. Mwili wake ukachomwa, na majivu yakawekwa katika ukuta wa chuo chake mjini Berlin, ambako yangaliko.